Bihogo Anahamia Mwanza

Koku mwanangu,

Sasa hivi umepita hapa mbele yangu umembeba Bihogo kwa mikono miwili kama mtoto aliyesinzia. Umeingia chumbani kwangu, umetandika kitenge changu cha zambarau, kile cha harusi ya mama yako mdogo, ukamviringisha ndani yake na kupiga fundo juu ya tumbo. Hukuomba. Umesema tu, "Mae, hiki ndicho kitenge kizito kuliko vyote," ukaenda zako kumenya ndizi huku unapiga mluzi. Nimebaki namtazama. Chuma kipana, cheusi, kimelala kwenye kitanda changu kimevaa nguo yangu nzuri. Mtu akichungulia hapa atadhani nina mgeni mgonjwa. Basi nimechukua kalamu, kabla jua halijazama na umeme haujatufanyia mambo yake.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula kabla ya kunywa dawa, wala za kufunga mlango. Hayo nimekwambia mpaka sasa ukinisikia naanza unamalizia wewe, na sauti unaiiga kabisa, mshenzi mkubwa. Nataka kuandika yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia, na leo si siku ya kulia. Leo tumeshinda.

Unajua sokoni wananiuliza kila siku. "Mama Koku, hivi mwanao anafuga nini chumbani kinachounguruma?" Nawajibu kwa namna yangu. Nawaambia ni kompyuta isiyo na kioo, inaitwa seva. Mkulima wa Muleba akipima kahawa yake kituoni, karani anaandika kwenye simu, ile simu inampelekea Bihogo, na Bihogo anamrudishia mkulima meseji: umeleta kilo hizi, tangu msimu uanze umefikisha kilo hizi. Kwa hiyo hakuna mtu wa kumpunja bibi wa watu. Wakisikia hivyo wanasema, "Na yote hayo anayafanya akiwa chini ya kitanda?" Nasema ndiyo, chini ya kitanda, Kibeta, kwa Mama Koku anayepika mgahawani. Nilikuwa najivuna sana.

Nikaacha kujivuna msimu uliopita. Unaikumbuka ile wiki ya radi. Umeme ukakatika, betri yako ikaisha, na kule Muleba watu wakawa wanapima kahawa na hakuna meseji hata moja inayokwenda. Wazee walikuja mpaka hapa mlangoni, wengine kwa basi, kahawa yenyewe bado iko kwenye kucha zao. "Koku, kilo zangu ziko wapi?" Ukawajibu mmoja mmoja, ukawapigia magoti, na hukumtupia mtu lawama. Viongozi wa vikundi vya wakulima wakakwambia kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha: tunakupa msimu mmoja mwingine, akizima tena, tunarudi kwenye makaratasi yetu. Usiku ule hukula. Asubuhi ukanambia, "Mae, Bihogo hawezi kuendelea kuishi chini ya kitanda. Namtafutia pa kukaa."

Ukanieleza kwamba kuna watu kazi yao ni hiyo, kupangisha nafasi ya seva. Mashine inabaki yako, unaiweka kwenye kabati lao la chuma, wao wanatoa umeme usiokatika, ubaridi, intaneti na kufuli. Ulikuwa unaongea polepole ukidhani sitaelewa. Mimi nikacheka. Nikakwambia, "Si ni kukabidhi ng'ombe tu?" Ukanitazama, halafu ukacheka na wewe mpaka ukashika ukuta. Maana mtoto wa Kihaya haelezwi kukabidhi ng'ombe. Ng'ombe ni wako, majani ni ya mwenzako. Yeye anapata mbolea kwa ajili ya kibanja chake cha migomba na maziwa mnayopatana, wewe unabaki na ng'ombe wako na ndama wake. Nikasema basi hilo jambo nalijua, twende wote tukatafute.

Nilisema nalijua. Ngoja nikukumbushe nilivyolijua.

Ulipozaliwa nilikuwa binti mdogo, darasa la saba na kitambaa kichwani, basi. Babu yako hakunigombeza. Alinipa mtamba mwekundu na kusema, "Mtoto asikose maziwa." Huyo ndiye Bihogo wa kwanza. Lakini mimi nilishahamia mjini hapa kwenye chumba kimoja, ng'ombe nimfuge wapi, chini ya kitanda? Ikabidi nitafute mtu wa kumkabidhi kulekule Muleba, na walikuwepo wawili.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, Ta Kaijage. Nilipofika tu akatoka nje na mikono miwili, "Karibu waitu, karibu binti yangu!" Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, akanishika mkono mpaka zizini, nikawashika ng'ombe wake wote vichwani, majirani nao wanaingia na kutoka, watoto wanacheza humohumo. Nikajisikia nimefika nyumbani.

Wa pili alikuwa Ta Ishengoma. Huyo alikuwa na karai la maji ya dawa mlangoni mwa zizi. Hakunikaribisha, hakutabasamu. Alisema, "Kanyaga humo kwanza."

Nikamwambia, "Mzee, mimi nimekuja kutazama tu."

"Ndiyo hivyo. Kanyaga."

"Viatu vyangu vitaharibika. Na huyu ng'ombe ni wangu."

Akasema, "Ng'ombe hajui hilo. Na homa pia haijui." Akaniacha nimesimama pale na wewe mgongoni, akaenda kukata majani.

Nilitukana moyoni njia nzima. Nikampa Ta Kaijage ng'ombe wangu. Mtu mwema, Koku, sitamsema vibaya mpaka nife. Lakini zizi lake lilikuwa kama sebule, kila aliyetoka mnadani aliingia na matope yake, na ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia pamoja nao. Bihogo akaharibu mimba yake ya pili, maziwa yakakauka, na wewe ukawa unakunywa chai ya rangi na kuniuliza chai nyeupe imekwenda wapi. Ta Kaijage alilia kuliko mimi. Nikaenda kwa Ta Ishengoma kichwa chini. Unajua alisemaje? "Apone kabisa kwanza. Hapa haingii akiwa hivyo." Nikamchukia mara ya pili. Akapona, akampokea, na tangu siku hiyo Bihogo hakuugua tena. Siku aliyozaa, mzee yule alikosa harusi ya mjukuu wake ili abaki naye. Maziwa yako yalikuwa yanakuja kwenye chupa kwa kondakta wa basi. Na mjukuu wa Bihogo ndiye tuliyemuuza ukanunua seva. Ndiyo maana ukaipa jina lile.

Sasa mtu mwenye kisa kama hicho ungetegemea atakuwa ameerevuka. Sikia nilivyoerevuka.

Tulianza hapahapa Bukoba mjini. Yule kijana, ofisi yake juu ya duka, kiti kizuri, uso mzuri. "Karibuni sana mama, karibu dada!" Na akatoa nini? Kahawa ya kutafuna. Mwanangu, mimi nilishamaliza kuchagua palepale. Akatuingiza moja kwa moja kwenye chumba cha mashine, zimepangana kwenye kabati taa zinametameta kijani. "Gusa tu mama, usiogope." Nikagusa. Wewe macho yako yalikuwa juu kwenye kiyoyozi, halafu chini kwenye waya, halafu mlangoni ambako kulikuwa na jiwe la kuuzuia usijifunge. Ukamuuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akasema, "Jenereta ipo, nampigia fundi anakuja kuwasha." Ukamuuliza intaneti inaingia kwa njia ngapi. "Moja, lakini nzuri." Mimi nilikuona unamchosha mtoto wa watu. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nikamwambia. Akasema, "Chomeka pale ukutani mama, jisikie nyumbani." Pale ukutani palikuwa pamejaa. Nikachomoa waya mmoja, nikachomeka simu yangu.

Taa tano za kijani zikazimika.

Nikadhani zimepumzika.

Wewe ulirudisha ule waya haraka, ukamwambia yule kijana, akacheka, "Ah, itawaka yenyewe." Tukaaga vizuri. Tukapanda bodaboda mpaka Kibeta. Tumeshuka, ndipo ukanishika bega: "Mae, leo umezima ng'ombe wa mtu."

Nikasema ni bahati mbaya. Ukasema, "Mahali pazuri bahati mbaya haina pa kuingilia. Aliyekukaribisha wewe mpaka ukutani kwa waya za watu, kesho atamkaribisha mwingine mpaka kwa Bihogo."

Nilielewa, Koku. Nilielewa vizuri kabisa. Lakini niliendelea kubisha juma zima, unakumbuka? Kijana mstaarabu, ana adabu, ni wa kwetu, kwa nini unadharau vya kwetu. Nikapika senene nilizokuwa nimezificha ili unisikilize. Sababu nilikuwa nayo moja tu na sikuitaja. Seva ikikaa Bukoba, wewe unakaa Kibeta. Ikienda Mwanza, unakwenda nayo, maana ulishasema mwanzo huu hutaki mkono wa mtu mwingine umfungue, na ile kazi ya kutengeneza kompyuta uliyopewa kule inakungoja. Dar es Salaam ulishaikataa mwenyewe, kwa sababu Bihogo akigoma wazee wa Muleba wangekungoja ukiwa safarini mpaka wachoke. Imebaki Mwanza. Mimi nikawa napigania jiwe la mlangoni ili mwanangu asitoke kwenye mlango wangu.

Ukasema, "Mae, twende Mwanza ukaone kwa macho yako." Nikaenda nikiwa nimejiandaa kupachukia. Nikabeba mkungu mzima wa ndizi, nikasema wakizikataa nitajua ni watu wa namna gani.

Wakazikataa! Yule mlinzi mwenye miwani, langoni mwa nyumba yao ya seva. "Mama, mzigo hauingii."

"Ni ndizi, mwanangu. Ni zawadi."

"Naona mama. Haziingii. Na wewe jina lako halimo."

"Mimi ni mama yake huyu!"

"Shikamoo mama," akasema, "kaa pale kwenye benchi." Akachukua kitambulisho chako, akakitazama, akakutazama, akakuandikisha, akakwambia uache mkoba, uache na chupa ya maji, ukaingia mlango wa kwanza, ukafungwa, ndipo wa pili ukafunguka. Nikabaki kwenye benchi na mkungu wangu kati ya magoti, nimefura. Nikasema moyoni, nikitoka hapa Koku ataniona. Akaja baba mmoja mwenye tai, anaonekana mkubwa, akataka kupita. Mlinzi akamwambia, "Mzee, kitambulisho." Yule baba akasema, "Si unanijua?" Mlinzi akasema, "Nakujua. Kitambulisho."

Hapo, mwanangu, nikanusa dawa. Kweli, nilinusa yale maji ya karai la Ta Ishengoma, pale Mwanza kwenye benchi, kwenye sakafu ya marumaru. Hasira zikanitoka kama nguo iliyovuliwa. Nikaanza kucheka peke yangu. Mlinzi akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nikamwambia, "Niko salama sana. Endelea hivyohivyo, usimruhusu mtu."

Ulipotoka uso wako ulikuwa unang'aa, unaongea bila kupumua. Jenereta mbili, na zinajiwasha zenyewe. Ulipowaambia hutaki maneno, unataka kuona, walizima umeme mbele yako na hakuna taa hata moja iliyopepesa. Intaneti inaingia kwa njia mbili za kampuni mbili tofauti. Kila kabati na kufuli lake. Moto ukiwaka unazimwa kwa hewa, siyo maji. Na ulipouliza siku ukitaka kumtoa Bihogo inakuwaje, walikuonyesha kwenye mkataba: mashine ni yako, toa taarifa, njoo mwenyewe na kitambulisho chako, umchukue. Hayo ndiyo maneno ya Ta Ishengoma siku alipompokea yule mwekundu: "Ni wako. Ukimtaka, chukua. Lakini uje wewe."

Ulikuwa umejiandaa kubishana na mimi. Nilikuona unavuta pumzi. Nikakuwahi: "Mlete hapa."

Ukasema, "Mae, unajua maana yake nini?"

Nikasema, "Najua. Mlete."

Zile ndizi tukampa mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara akatupikia, na ukala sahani mbili, na nilikuwa nakutazama unavyokula nikasema, huyu amekua.

Kwa hiyo ninachokuachia ni hicho tu, na wewe ulishakijua kabla yangu. Mimi maishani nimechagua kwa kicheko na kahawa. Ng'ombe hivyo, chumba cha kupanga hivyo, hata baba yako, Mungu amlinde huko aliko, nilimchagua kwa kicheko, na kicheko kilikuwa cha kweli ila alikuwa anamchekea kila mtu. Huko uendako watakukaribisha wengi, nawe karibia, unywe chai yao, usiwe na uso wa mbao. Lakini kitu ulichokitolea jasho, na moyo wako mwenyewe, ukiviweka kwa mtu, mtazame anavyowazuia wengine kwanza. Na akikuzuia wewe siku ya kwanza, usikimbilie kununa kama mama yako. Uliza anachokilinda ni nini.

Na kingine. Usijione mkosaji kwa kuniacha. Juzi, baada ya misa, wale wanachama wa Muleba walipokuja kumuaga Bihogo, yule bibi mwenye fimbo alimgusa kwa kidole akauliza, "Ndiye huyu anayejua kilo zangu?" Ukasema ndiye. Akasema, "Mbona hana masikio?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alivua shali yake akamfunika, akasema barabarani kuna baridi. Nilitazama pale nikaona mtoto wangu niliyembeba mgongoni mbele ya karai, leo anakabidhiwa kahawa ya watu wazima wa vijiji vizima, na wanamwamini. Nani mwingine Kibeta ana mtoto kama huyo? Anyooshe mkono nimwone.

Halafu jana kwenye kituo cha mabasi ukanimaliza kabisa. Ulipokata tiketi mbili, yule kijana wa tiketi akauliza, "Abiria wa pili jina?" Ukasema bila kucheka, "Bihogo." Akauliza, "Mtu mzima au mtoto?" Ukasema, "Mtu mzima, ila anakaa dirishani." Ninayo hapa tiketi yake, nimeiomba nitakurudishia asubuhi. Imeandikwa kabisa, Bihogo, Bukoba kwenda Mwanza. Yule mwekundu hakuwahi kuvuka hata mto wa kijiji chake.

Kesho nitakupungia mkono na sitalia mpaka basi lipite kona. Msimu ukianza nitasimama pale kituoni Muleba na simu yangu, nisubiri meseji ya mkulima wa kwanza ilie, na ikilia nitapiga kelele mpaka wanione mwehu. Na siku moja nitakuja huko bila kukupa taarifa, kama anavyotakiwa kufanya mwenye ng'ombe. Yule mwenye miwani akinizuia nitakaa kwenye benchi langu kwa raha zangu. Nitakungoja utoke, na nikikuona umenawiri nitakwambia lile neno ambalo tangu asubuhi

Ngoja, unaniita. Unasema njoo uone, kuna mzee ametoka na basi la Muleba, ana chupa ya maziwa mkononi, na amekataa kukanyaga kizingiti mpaka apewe karai la maji anawe miguu kwanza, kwa sababu ndani kuna Bihogo. Koku, mwambie asubiri, mwambie karai liko nyuma ya jiko, mwambie mimi mwenyewe ndiye nitakayemwagia maji.